Dijitali Haikusema Tulipe

"Hujalipia, huoni. Ndiyo dijitali hiyo." Ukiwa Bukene, mkoani Tabora, mwisho wa mwezi, kifurushi kimekata na kioo kimebaki na maandishi ya kudai salio, jibu utakalopewa ni hilo. Fundi wa dishi analisema, mwenye duka analisema, na mwenye televisheni mwenyewe keshakubali. Ni uongo, na umeachwa uote mizizi.

Dijitali ni namna ya kurusha matangazo, basi. Masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia sasa yanabeba kumi na zaidi. Bei ya kifurushi imepangwa na watu, kwenye leseni na mikataba. Uingereza ilimaliza kuzima analojia Oktoba 2012, na mtazamaji wa Freeview, huduma yao ya dijitali ya antena, hadaiwi kifurushi. Sisi Watanzania tulianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, kabla ya ukomo wa kimataifa wa Juni 2015, tukasifiwa kwa kuwatangulia wengi Afrika.

Tulijiandaaje? Wananchi walihimizwa kununua ving'amuzi. Lakini king'amuzi cha antena hutegemea mnara wa ardhini, minara hiyo iko mijini, na kutoka Tabora mjini hadi Bukene ni zaidi ya kilomita 80. Analojia ikifika kwa shida ilileta chenga, mtoto akizungusha mlingoti nje, baba akipaza sauti "hapo hapo!", taarifa ya habari ikasikika. Dijitali haina chenga za kuvumilia. Mawimbi yakidhoofu, picha inaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi. Asiyefikiwa na mnara anabaki na dishi, na dishi linalouzwa madukani kwa kawaida ni la kampuni ya kulipia.

Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizuia kampuni za dishi kurusha chaneli za ndani kama ITV, Star TV na Channel Ten, kwa hoja kwamba leseni zao haziziruhusu na kwamba chaneli hizo mwananchi hapaswi kuzilipia. Hoja ilikuwa ya haki kabisa. Ila mtu wa mjini alihamia kwenye antena, na wa mbali na mnara akakosa pa kuhamia. Mwaka huo huo mamlaka hiyo hiyo ilinadi masafa ya megahezi 700 kwa kampuni za simu, masafa ambayo kuondoka kwa analojia ndiko kulikoyaacha wazi. Faida ya dijitali ilikuwepo, tena ya fedha taslimu.

Unyamwezi, ambako Bukene ipo, inajua habari za ushuru wa njiani. Mtemi Mirambo aliitoza misafara, lakini aliyetozwa ni mfanyabiashara aliyepita akitafuta faida. Leo anatozwa mkulima aliyekaa kwake, ili aone Bunge la nchi yake.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo, na umekwisha kuwezesha ujenzi wa minara ya simu vijijini. Ubebe na hili: chaneli za kitaifa ziwekwe kwenye setilaiti bila kufungwa, zipokelewe kwa dishi lolote, bila kadi wala kifurushi. Nawe msomaji wa Bukene, fundi akikuambia ndivyo dijitali ilivyo, usimkubalie. Mpelekee mbunge wako hoja hii, umtake aifikishe bungeni Dodoma.