Benchi la bibi na mzazi mwenye mawazo

Saa moja usiku mama anaingia nyumbani, miguu inamuuma. Ada haijatimia na mwenye nyumba amepiga simu mara mbili. Mtoto anamkimbilia na daftari lake, anaambulia kufokewa: "Hebu niache kwanza!" Watoto wakishalala, mama anabaki macho, akijiuliza anahangaika kwa ajili ya nini hasa.

Waswahili husema mtu huyo ana mawazo. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi.

Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili nchini humo, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa, binti aliyejitoa uhai. Familia yake ilikuwa imekosa dola 15 za nauli ya kumrudisha hospitali. Daktari akaona kuwasubiri wagonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka 2006 alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hawakuwa wasomi wa saikolojia. Walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza.

Bibi hahutubii. Humwacha mtu aeleze yote yanayomsumbua, kisha humwomba achague tatizo moja tu. Pamoja wanatafuta hatua ndogo atakayoichukua kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na akina bibi nao, katika umri ambao wengi huambiwa wapumzike, wakawa na watu wanaowangoja.

Mzazi naye anaweza kuwa na benchi lake, hata likiwa ngazi ya mlangoni au mkeka. Kabla ya kuingia ndani, akae dakika mbili ajiulize: hasira hii nimeitoa wapi, na ni nani atakayeibeba? Achague jambo moja. Kama ni ada, kesho aende kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu kulipa kidogo kidogo. Ya mwenye nyumba yasubiri zamu yake.

Kisha amwite mtoto, simu aiweke kando, amsikilize bila kumkatiza. Kama alimfokea, aseme: "Samahani mwanangu, sikukasirishwa na wewe." Neno hilo halimshushi mzazi hadhi. Linamfundisha mtoto kuitambua hasira yake mwenyewe.

Mawazo yakizidi hadi mtu anatamani kufa, asibaki nayo peke yake. Amwambie mtu wa karibu na aende kituo cha afya mara moja.

Ada huenda isitimie wiki hii. Lakini usiku huu kuna daftari moja linalosubiri kufunguliwa, na mtoto anayetaka mama alione.