Mbwa wa Soja Akizeeka, Nani Anambeba?

Ukiingia mall yoyote kubwa Nairobi na gari, kuna mbwa anakungoja kwa geti. Ananusa buti, ananusa magurudumu, anarudi kukaa, gari ingine inaingia. Ni hivyo tangu asubuhi mpaka usiku, jua ikiwaka, mvua ikinyesha. Wengi wetu tunamwangalia kwa dirisha kama sekunde tano hivi, tunapita, tunaenda kusaka paking.

Hawa mbwa hawakujileta. Baada ya Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakiwa wameuawa, kila mtu alianza kutaka ulinzi wa maana. Januari 2019 ikakuja DusitD2, watu 21 wakaenda, na geti zikakazwa zaidi. Sai mbwa ni wa kawaida kwa mall, hoteli, ofisi za wakubwa, yadi za magari, mjengo, hadi shule.

Mwisho wa 2023 wasee walibishana sana kuhusu soja kulipwa thao 30 kwa mwezi. Ilikuwa stori ya haki, juu soja wengi wanalala njaa wakilinda mali ya watu. Lakini mwenzake wa miguu minne, hakuna mtu aliuliza. Yeye hana payslipu wala NSSF. Swali la leo ni rahisi: siku hawezi tena kazi, anaenda wapi?

Mbwa wa kazi huanza akiwa na mwaka mmoja na nusu ama miwili hivi. Akifika miaka minane, mpaka kumi akiwa na bahati, nguvu inaisha. German Shepherd ndio hushikwa vibaya na nyonga. Unaona miguu ya nyuma inaburuta, kupanda kwa pickup ni shida, kusimama ni shida. Na bado anaweza kuishi miaka kadhaa mbele. Hiyo miaka ndio hakuna mtu amepangia.

Njia zake mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni sindano ya mwisho. Ya pili, anauziwa msee wa yadi ama mjengo kwa bei ya kutupa, aendelee kubweka mpaka adedi. Ya tatu, geti inafunguliwa na hakuna mtu anamuita arudi. Wale wenye bahati hupatikana na watu wa kuokoa wanyama, wakiwa mbavu zinahesabika, kupe zimejaa masikio, na shingo ina kidonda cha mnyororo. Nairobi wengi huishia KSPCA kule Karen, shirika lenye limekuwa likifanya hii kazi tangu wakati wa mkoloni.

Kuokoa ni siku moja, kupata keja ndio noma

Kuokolewa hupigwa picha. Watu wanaweka vimoyo, wanalia, wanasema "Mungu awabariki." Kazi yenyewe inaanza kesho yake. Huyu mbwa anataka mtu, na simu zenye hupigwa kumuulizia huwa za aina tatu.

Wa kwanza anauliza: "Ni mkali?" Huyu hataki mbwa, anataka soja wa bure. Anataka kumfunga mchana na kumfungulia usiku kwa ploti yake. Ukimpea, umemtoa mbwa kazini Jumatatu ukamrudisha kazini Ijumaa, tena bila hata yule mtu alikuwa anamshika kamba.

Wa pili anauliza: "Ni pyua?" Anataka breed ya kupostia. Akisikia mbwa ana miaka tisa, anatembea polepole na ashafungwa uzazi, simu inakatika yenyewe.

Wa tatu ana roho safi kabisa, lakini anaishi bedsita ghorofa ya nne, landilodi hataki hata paka, na anatoka kazi saa mbili usiku. Huyu ndio anaumiza roho kumkatalia. Lakini lazima akataliwe, juu mwezi wa pili atampigia kila mtu akitafuta mahali pa kumpeleka.

Hapo ndio tunakosea kama mtaa. Tunasema mbwa wa kazi hawapati makao juu wakenya hawapendi mbwa. Enyewe mbwa tunao kibao, kila ploti ina Simba na kila shosho ana Bosco. Shida ni kwamba kwetu mbwa ni lazima awe na kazi. Mbwa mwenye amemaliza kazi, hatujui kumweka wapi kwa akili. Kumtafutia makao ni kutafuta mtu mmoja mwenye atamtaka bila kumpangia shifti.

Si wote ni wamoja

Kabla uogope jina "mbwa wa security," elewa kazi yake ilikuwa gani. Wa kunusa bomu ama mihadarati hufunzwa kwa mchezo: akipata harufu, anapewa mpira ama kitu ya kula. Kwake kazi ilikuwa game. Huyu mara nyingi huzoea nyumba haraka, bora tu umchezeshe, juu akikaa bure atakula sofa yako.

Wa doria, mwenye alikuwa akitembea na soja, amezoea kuskiza mtu mmoja. Huyu anaweza kuwa fiti akipata mtu mtulivu mwenye anajua mbwa. Lakini watoi wa kukimbia-kimbia na kupiga kelele wanaweza kumchanganya.

Mgumu kabisa ni yule wa "kufanywa mkali." Unajua ile style: anafungiwa kibanda giza siku nzima, haoni watu, anapigwa, halafu usiku anafunguliwa. Wenye kufanya hivyo husema wanamfunza. Ukweli ni kwamba wanamtia uoga, na mbwa mwenye uoga huuma hata mwenye anamletea chakula. Kuna wenye hupona wakipewa muda, na kuna wenye hawaponi. Shelta ikiamua mbwa fulani si salama kuishi na watu, si ati wamekosa roho. Kumpea familia mbwa wa kuuma ni kuhatarisha mtoi, na mbwa mwenyewe atarudi akiwa na kesi.

Ndio maana process huwa ndefu. Daktari wa mifugo anamcheki, anatibiwa kupe na minyoo, anachanjwa, anafungwa uzazi. Anaangaliwa venye anakaa na watu wageni, na mbwa wengine, na mtu akisongea chakula yake. Halafu mtu anakuja kwako kuona ukuta, geti, na mahali atalala. Wengine huona hiyo ni madharau. Si madharau. Huyo mbwa ashapewa mtu mbaya mara moja, hawataki ya pili.

Ukimchukua, jua hii hesabu

Wanaolea mbwa husema siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza ataogopa, anaweza kataa kula. Wiki tatu ndio anaanza kujua ratiba ya nyumba. Miezi mitatu ndio anaamini hapo ni kwake. Kwa mbwa ametumika miaka, inaweza zidi hapo. Usialike wasee kuja kumwona wikendi ya kwanza. Usimkumbatie akilala. Usimfunge mnyororo kwa mti.

Halafu kuna ganji. Mbwa mkubwa anakula kila siku, hata ile wiki ya mwisho wa mwezi wewe unakula ndengu. Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, dawa ya kupe, na dawa ya viungo akianza kuchechemea. Ongea na landilodi kwanza, upate jibu kwa maandishi. Na muulize mwenye anakupatia: mambo yakigeuka, naweza kumrudisha? Shelta ya maana itasema ndio.

Nani alipe?

Hapa ndio stori inakuwa kubwa kuliko mbwa. Kule Marekani, jeshi lilikuwa linahesabu mbwa kama vifaa. Vita vya Vietnam vilitumia mbwa kama 4,000, na wachache sana walirudi nyumbani. Ilibidi ifike 2000 ndio sheria, yenye inaitwa kwa jina la mbwa Robby, iruhusu mbwa wa jeshi wastaafu wachukuliwe na watu, wakiwemo wale waliokuwa wakiwashika kamba. Uingereza, polisi wa Nottinghamshire mwaka 2013 walianza kulipia mbwa wao wastaafu matibabu, hadi pauni 500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Hiyo si ganji mob, lakini inatosha kumfanya mtu asiogope kusema "nitamchukua."

Kwetu, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama iko, Cap 360. Kumtesa mbwa ama kumnyima chakula ni kosa. Lakini hiyo inafanya kazi mtu akishaharibu. Tunataka kitu cha kufanya kazi mapema. Kampuni ikikodisha mbwa, mteja analipa kila mwezi. Si ngumu kuweka sehemu ndogo ya hiyo pesa pembeni kutoka siku ya kwanza, iwe ya uzeeni wa huyo mbwa. Soja mwenye alitembea naye aulizwe kwanza kama anamtaka, na kama anamtaka, asiachiwe bili peke yake, juu tunajua mshahara wake.

Najua mtu atasema: "Buda, vijana hawana kazi, wewe unaniletea shida za mbwa?" Ni swali halali. Lakini angalia venye mbwa akitupwa hatembei kwenda Runda. Anashukia mtaa wenye takataka haizolewi, anaanza kuzunguka na genge la wengine, hana chanjo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua karibu watu 2,000 kila mwaka hapa Kenya, na serikali imeweka lengo la kumaliza hivyo vifo kufikia 2030. Duniani, karibu wote wenye hukufa hivyo waliumwa na mbwa, na wengi ni watoi. Mwenye alipata faida ni tajiri wa mall, na mwenye atalipa ni mtoi wa mtaani akitoka dukani. Hiyo ni siasa, si huruma tu.

Na ukiumwa na mbwa yeyote, osha hapo na sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, halafu hosi siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Sai si kila mtu anafaa kuchukua hawa mbwa, na kusema "mimi siwezi" ni jibu la mtu mzima. Kuna mengine unaweza. Ukimwona mbwa wa kazi amekonda ama ana vidonda, usimfungulie, na usijaribu kumshika. Chukua picha, andika mahali, saa na jina liko kwa uniformu, upelekee KSPCA. Kama mko na kamati ya esteti yenye inalipia mbwa, mkutano ukija uliza maswali mawili tu: ana miaka mingapi, na akistaafu anaenda kwa nani? Mkiambiwa "hiyo ni ya kampuni," waambie kampuni inalipwa na nyinyi.