Kelele Zilizomsikiliza Mzee

Katika mkutano mmoja wa watumishi wa utamaduni, msemaji alishangiliwa aliponena kuwa muziki wa magitaa wa vijana wa Ulaya ni kelele na kasumba, na kwamba hatuna budi kuufungia mlango ili tuhifadhi ulio wetu. Nami nilipiga makofi. Leo nayarudisha makofi yale.

Aliyenigeuza ni mpwa wangu, aliyenisikilizisha kundi la The Ex la Uholanzi. Kundi hilo lilizaliwa mwaka 1979 katika vuguvugu la punk, muziki wa vijana wenye hasira. Hata jina walilichagua fupi ili liandikike upesi ukutani. Tangu hapo wamekuwa watu wa kujaribu. Mwanzoni nilidhani spika imepasuka: magitaa yakikwaruzana kama mabati yaliyolegea wakati wa kusi. Kisha ikaingia saksafoni ya Getatchew Mekuria, mzee wa Uhabeshi, aliyeyahamishia katika chombo hicho majigambo ya wapiganaji yaitwayo shellela. Aliyepata kusikia majigambo ya Wahaya atakitambua kifua kile. Mimi, mtu wa vina na mizani, nilijaribu kuhesabu nikashindwa, hata nikang'amua kuwa ngoma ilikuwa ikizipisha pumzi za mzee.

Waholanzi hao walizuru Uhabeshi mwaka 2002. Mwaka 2004 walimwalika Mekuria Amsterdam katika sherehe za miaka 25 ya kundi lao, naye, akikaribia umri wa miaka 70, akawataka wampigie katika santuri yake. Ikatoka mwaka 2006 kwa jina la Moa Anbessa. Nyingine ikafuata mwaka 2012. Mzee alifariki mwaka 2016.

Najua nitakavyojibiwa: Wazungu huja, wakachukua, wakaenda zao. Ni kweli wamechukua mengi, na mwenye kuogopa hana kosa. Lakini hapa jina la mzee ndilo lililotangulia juu ya jalada, na nyimbo ni za kwao. Waliojifunza ni wageni. Je, sisi tunaojiita walinzi tumejifunza kwa nani? Tunawapandisha wazee jukwaani wamsubirie mgeni rasmi, na gari lake likionekana tunawanyang'anya kipaza sauti. Kisha twaandika katika taarifa kuwa ngoma za asili zilitumbuiza. Hiyo siyo hifadhi. Hata kelele za The Ex hazikumkatiza Mekuria namna hiyo.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Ratiba hizo nimezipanga kwa mkono wangu. Mwaka mmoja nilimpa mpiga zeze dakika kumi, akapata sita. Aliposhuka aliniuliza kama yuko kijana yeyote atakayekwenda kuketi naye ajifunze, maana wanawe hawakulitaka zeze.

Nilimjibu kuwa basi linamngoja.