Mtindo wa Kuazima

Wako wasemao kwamba ucheshi wa kigeni haufai kuigwa. Wamekosea. Mwaka 2009 mchoraji Gado alianzisha katika televisheni ya Kenya mchezo wa "The XYZ Show", akifuata mtindo wa vikaragosi vya Ufaransa. Lakini sura zilikuwa za wakubwa wa Kenya, na waliochekwa ni hao hao.

Basi ninyi vijana wa Kisii na Nyamira mtungao michezo ya kuchekesha, mbona mwacheka matamshi ya Mgusii mwenzenu? Huko ni kumcheka mama aliyewazaa. Mtindo ni kisu tu. Mchongaji wa Tabaka hununua kisu dukani, lakini sura itokayo katika jiwe huichagua mwenyewe. Mchekeni mwenye nguvu, mwacheni mnyonge.