Mama Naye Apumzike

Saa nne asubuhi ya Jumapili, katika mikahawa ya Mji Mkongwe wa Unguja, utawakuta akina baba mbele ya mabakuli ya urojo: rojo ya unga wa ngano iliyotiwa embe mbichi, ndimu na manjano, ndani yake viazi, bajia, kachori na mishikaki. Ni chakula cha bei ndogo na shibe kubwa.

Je, mama watoto yuko wapi? Aghalabu yuko nyumbani, akipepea jiko la makaa siku ambayo wewe umepumzika. Kazi yake haina likizo.

Jumapili ijayo mchukue, pamoja na watoto, mkaketi benchi moja. Gharama ya mabakuli ya ziada haitabomoa nyumba. Upweke wa jikoni waweza kuibomoa.