MANAHODHA WENGI KATIKA NYUMBA MOJA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kuna swali ambalo huwagawanya wazazi wengi mara tu wanapopata vijisenti vya kukarabati nyumba. Je, watafute kontrakta mmoja aibebe kazi yote, au waite mafundi mmoja mmoja: wa mawe, wa mabomba, wa stima, wa rangi na seremala? Wengi huita mafundi. Kontrakta, wanasema, ni wa matajiri. Mimi naonelea kwamba jambo hili halijatazamwa vizuri, na sisi watoto ndio tunaoumia.

Kwanza, upande ule mwingine nao una haki yake. Ukiwaita mafundi mwenyewe, hulipi faida ya kontrakta. Unanunua saruji mwenyewe, unahesabu mifuko mwenyewe, na pesa zikiisha kazi inasimama mpaka mwisho wa mwezi. Kwa mzazi anayelipa karo, hilo si jambo dogo. Isitoshe, wapo makontrakta wanaopokea malipo ya kwanza kisha wakaingia mitini. Kama ni kubadilisha mabati mawili yanayovuja au kupaka sebule rangi, sioni haja ya kontrakta. Fundi mmoja anatosha, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Taabu huanza pale kazi inapohitaji mafundi watatu au wanne wanaotegemeana. Chukua mfano wa bafu. Mabomba ya maji na nyaya za stima hupita ndani ya ukuta, kwa hivyo ni lazima yote yatiwe kabla ya plasta. Mabomba yajaribiwe kwa maji kwanza. Plasta ikauke. Ndipo vigae viwekwe, na rangi ije mwisho. Mmoja akiruka zamu, mwenzake atabomoa.

Mwaka jana kwetu nyumbani fundi wa vigae alimaliza kazi siku ya Ijumaa, ukuta uking'aa kama kioo. Jumatatu yake akaja fundi wa mabomba na nyundo na tindo, ati anatafuta njia ya bomba la maji moto. Alipoulizwa akasema, "Mama, mimi sikuambiwa." Wa vigae naye akasema, "Mimi nilipewa ukuta, sikupewa bomba." Wote wawili walisema kweli! Vigae vilinunuliwa mara ya pili, na karo ya muhula ikachelewa.

Ni nani basi aliyepaswa kuwaambia? Hiyo ndiyo kazi ya kontrakta. Watu hudhani anauza nguvu za mikono, kumbe anauza usimamizi. Anapanga zamu, anawaita mafundi, na jambo likiharibika unamshika yeye peke yake. Usipomwajiri, kazi hiyo haipotei. Itafanywa na mama akitoka sokoni, au na mwanafunzi wa kutwa kama mimi, anayefika nyumbani jioni akaanza kuhesabu mifuko ya saruji na kumwagilia maji sakafu mpya huku vitabu vinamngoja. Sisi ndio makontrakta wasiolipwa.

Kwa hivyo nasema hivi. Kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye wakati na anayeelewa ujenzi, waiteni mafundi, mradi yeye awe ndiye nahodha pekee. Kama hayupo, na kazi ni ya mafundi wengi, tafuteni kontrakta. Lakini si kila ajiitaye kontrakta ni kontrakta. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inataka makontrakta wasajiliwe, basi mwulizeni cheti. Andikianeni mkataba: kazi gani, pesa ngapi, itakwisha lini. Lipeni hatua kwa hatua, na sehemu ya mwisho isitoke mpaka kazi ikaguliwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akasema kwamba mwanafunzi hana haki ya kuingilia mambo ya wazazi. Lakini hasara ya nyumba huingia mpaka darasani. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nami naongeza kwamba chombo kisicho na nahodha hakifiki kamwe. Wazazi wetu, mnapopiga hesabu ya saruji na vigae, tieni pia katika hesabu hiyo jioni za watoto wenu.