JICHO HALINA SPEA

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wa reli tulio huku Lumakanda, karibu na stesheni ya Lugari, tuna neno moja, na wenye kazi walisikie pia. Mashine za leza zimeanza kuingia katika karakana, za kuunga vyuma na za kutoa kutu. Tuliiona moja tulipotumwa kazini. Fundi alikuwa akiunga chuma, naye amevaa miwani nyeusi ile ile ya kuchomelea kwa umeme. Tulipouliza, nyapara akajibu, "Asiangalie tu."

Jibu hilo ni la kupofusha watu.

Moto wa umeme tunaujua. Ukikupata, usiku macho huwasha kama yamejaa mchanga, na baada ya siku moja au mbili kwa kawaida hupona. Leza si hivyo. Mwanga wa nyingi za mashine hizi hauonekani. Utaepukaje usichokiona? Jicho lenyewe huukusanya na kuutia kwenye nukta moja huko nyuma ndani, na hapo pakiungua huenda usisikie uchungu wowote, wala hapaponi. Tena mwanga huruka kutoka kwenye chuma king'aacho ukampata mpita njia. Ngozi nayo huungua.

Mipaka imekwisha kuwekwa. Kanuni ya kimataifa IEC 60825-1 inagawa leza kwa madaraja. Daraja la 2, la mwanga unaoonekana, mwisho wake ni miliwati 1, kwa kuwa mtu hupepesa jicho kwa robo ya sekunde akaokoka. Kupita miliwati 500 ni daraja la 4, la hatari kuliko yote. Mashine ya kuungia chuma yaweza kuwa ya wati 1,500. Fanyeni hesabu: ni mara 1,500,000 ya ule mpaka wa kupepesa jicho! Na nyapara anasema, "Asiangalie tu."

Wenye kazi watasema miwani ya leza ni ghali. Je, mashine waliipata bure? Fundi akipofuka, watoto wake watalishwa na nani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kazi atoe kinga. Tena penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama, nasi tuwemo. Si fadhila, ni haki yetu.

Tunataka haya:

1. Daraja la leza na wati zake ziandikwe kwa Kiswahili mlangoni.

2. Miwani iwe ya leza ile ile, nambari ya mwanga inaouzuia ilingane na ya mashine. Glavu na nguo za mikono mirefu zitolewe.

3. Pahali pa kazi pazungushiwe kizuizi, na mlango ukifunguliwa mashine izime.

4. Fundi afundishwe, na macho yake yapimwe kabla hajaanza.

Haya yasipotimia, mashine isiwashwe.

Na sisi wenyewe tujilaumu. Wako wenzetu wanaovua miwani kwa sababu ya joto, wakijisifu kuwa macho yao ni sugu. Ndugu, hakuna jicho sugu mbele ya leza. Tusingoje mwenzetu aongozwe kwa fimbo ndipo tuite mkutano.

Umoja ni nguvu!

Sisi wafanya kazi wa reli, Lumakanda